Mwalimu, mwanangu kaniuliza Kariakoo ni nani

Haya wapendwa, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni mada moja sijui mmeambizana, kila mzazi anataka kujua historia anamfundishaje mtoto mdogo ambaye hata jana na juzi bado anavichanganya. Mi nilifundisha darasa la kwanza na la pili miaka thelathini na ushee mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa chaki, maprofesa mtanisamehe. Zile barua ndefu nimezikata kidogo.

SWALI
Shikamoo mwalimu. Mi nakaa Mbagala, kila asubuhi napanda daladala na binti yangu wa miaka sita nampeleka shule. Anasikia konda anaita Kariakoo Kariakoo, sasa juzi akaniuliza, mama, Kariakoo ni nani? Nikamwambia sio mtu ni soko. Akasema mbona Bibi Titi ni mtu na Samora ni mtu? Nikakwama. Mi historia nilipata F, naogopa kumfundisha uongo. Naanzia wapi?
Mama wa Mbagala, Dar

JIBU
Marahaba mwanangu. Kwanza huyo binti yako kapatia kuliko wewe uliyemwambia ni soko, mana Kariakoo kweli ni watu. Vita ya kwanza ya dunia Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916 kutoka kwa Wajerumani walikuwa na kikosi cha wapagazi kinaitwa Carrier Corps, wale watu wakawekwa kambi pale pale soko lilipo, na wenyeji wakalivuta lile jina kwa ulimi wao mpaka likawa Kariakoo. Ndo mana hata Nairobi kuna Kariokor, ni watu walewale. Kazi yao ilikuwa kubeba, risasi, unga, mahema, yaani vita nzima ilitembea vichwani na mabegani kwa watu, wengi hawakwenda kwa hiari, na waliokufa ni makumi ya maelfu, ugonjwa na njaa vikiwamaliza wengi kuliko risasi. Sasa mtoto wa miaka sita humwambii yote hayo. Unamwambia hapa zamani walilala watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Basi. Alafu siku hiyo mkishuka Kariakoo mwonyeshe mpagazi anayepita na gunia begani, muulize unadhani anaweza kutembea nalo mpaka Morogoro? Atakaa kimya. Hicho kimya usikijaze na maelezo.

Umeona sasa, F yako haijakuzuia kitu, ilikuwa F ya kukariri. We tayari una kitabu kikubwa kuliko cha shule, ni hiyo ruti ya daladala. Barabara ya Bibi Titi: huyu mama alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma hapa mjini kinaitwa Bomba, na TANU, chama kilichodai uhuru, ilipotaka wanawake mwaka 1955 hakwenda kuhutubia hewa, aliwafuata kwenye vikundi vya ngoma mana ndiko walikokuwa wamejipanga tayari, wanajuana, wana viongozi wao na wanachangishana. Mtoto wa kike anayependa kuimba msimulie hilo kwanza, uwaziri wa nini. Na akishakua kidogo, miaka tisa kumi hivi, msimulie na lile gumu, kwamba mwaka 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa, akaachiwa 1972, na bado leo barabara kubwa ina jina lake. Usilifiche, watoto wanapenda sana habari ya mtu aliyegombana na wenzake mana na wao kila siku wanagombana na wenzao.

Mkifika Samora mwonyeshe sanamu ya Askari, ile ya shaba, bunduki yenye singe imeelekea bandarini. Iliwekwa 1927. Kabla yake hapohapo alisimama Mjerumani anaitwa Wissmann, Waingereza walipoingia wakamng'oa. Mtoto analielewa hili haraka mno, nimelijaribu darasani, yaani aliyeshinda anakuja na sanamu yake. Samora mwenyewe mwambie alikuwa wa Msumbiji, na chama chao cha ukombozi FRELIMO kilianzishwa hapahapa Dar mwaka 1962. Na Mtaa wa Lumumba ndo ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954, kwa hiyo Sabasaba sio bembea na aiskrimu tu.

Miaka yenyewe usimkaririshe. Mtoto wa sita hajui 1916 ni nini, kwake 1916 na 1999 vyote ni zamani za Adamu. Mpimie kwa watu, mwambie wakati huo bibi yake bibi alikuwa mtoto kama wewe. Tarehe zitamkuta darasa la nne, hazina haraka.

SWALI
Mwalimu kwema? Mi ni baba wa mapacha wa kiume, miaka saba, tupo Iringa mjini. Jumapili moja nikasema badala ya kushinda kwenye katuni niwapeleke Kalenga wakaone fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe. Doto akalia palepale, usiku wote wawili wakahamia kitandani kwetu, na hadi leo ukitaja Mkwawa wanaziba masikio. Mke wangu ananisema kila siku. Je niliwahisha?
Baba Kulwa na Doto

JIBU
Hujawahisha baba, umeanzia mwishoni. Yaani umemtambulisha mtu kwa mtoto akiwa mfupa, hata mi ningelia.

Anza upya na mtu aliye hai. Mwaka mmoja nilikuwa nasimulia habari za Mkwawa darasa la pili, nimefika kwenye vita nimepandisha sauti, kitoto kimoja kikanyoosha mkono kikauliza, mwalimu, Mkwawa alikuwa anakula nini? Nilikasirika siku ile, nyumbani nikafikiri nikaona ndo swali la maana kuliko yote, mana anayekula ni mtu. Tangu hapo kila shujaa ninamwanzia jikoni.

Kwa hiyo waambie wanao alikuwa na jina refu, Mkwavinyika, alikuwa anakula ugali na nyama kama wao, ana watoto, alijenga ngome ya mawe palepale Kalenga mlipoenda. Alafu waambie Lugalo, 17 Agosti 1891. Wajerumani wanakuja kwa mstari na bunduki na mizinga, wahehe wamejificha vichakani kando ya njia na mikuki, wamenyamaza kimya, mpaka wametokea wote kwa pamoja. Kamanda wa Wajerumani, Zelewski, akafa hapo. Wapeleke wanao uani waigize, mmoja awe kichaka. Mapacha kwa kelele nawajua, jirani atakuja kuuliza.

Na sehemu watakayoipenda kuliko zote ni inayofuata. Mwaka 1894 Wajerumani walirudi wakaiteka Kalenga lakini mwenyewe hawakumpata, akakaa porini karibu miaka minne anasakwa, wanaahidi zawadi ya pesa, na watu wanamlisha kimyakimya hawasemi yuko wapi. Miaka minne ya kombolela! Mtoto anayecheza kombolela anajua dakika tano za kujibanza nyuma ya pipa zilivyo ndefu.

Kifo chake, 1898 huko Mlambalasi. Alijipiga risasi mwenyewe ili asikamatwe. Hapa mi na walimu wenzangu tumewahi kubishana sana, wengine wanasema mtoto aambiwe yote. Mi kwa wa miaka saba nasema hakukubali kukamatwa, akafa porini, naishia hapo, akija kuuliza alikufaje akiwa na kumi na moja namjibu kweli tukiwa tumekaa. Alafu ndo unakuja kwenye fuvu na unalisimulia kama safari, likakatwa, likapelekwa Ujerumani, likaandikwa hadi kwenye mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, likachelewa, likarudi 1954. Kuna wazee Iringa walikuwepo siku lilipokuja. Mtafute mmoja, mpeleke Doto akakae miguuni pake. Fuvu litakuwa limegeuka mtu aliyerudi nyumbani, na hiyo haitishi.

Kitu kimoja cha mwisho na najua Iringa mtaninunia. Nilishawahi kuwa na mtoto wa Kisangu darasani, nimemaliza kumsifia Mkwawa akasema bibi yangu anasema alitufukuza kwetu. Na ni kweli Wahehe waliwatoa Wasangu Utengule, na Merere, chifu wa Wasangu, akaja kuwa upande wa Wajerumani kwa sababu hizohizo. Darasa zima likamgeukia yule mtoto kama msaliti. Nilichofanya nilimwomba asimulie ya bibi yake yote, wakamsikiliza. Shujaa wa kwenu kwa jirani anaweza kuwa aliyechukua ng'ombe, na mtoto wa miaka minane hilo analibeba vizuri tu, wanaoshindwa ni sisi.

SWALI
Hujambo mwalimu. Kijana wangu ako gredi ya tatu hapa Nairobi. Mashujaa Dei ikikaribia wanapewa orodha ya majina ya kukariri, anayasema haraka kama nambari ya simu alafu anasahau. Juzi akaniuliza mbona kwa orodha yao wanawake ni wachache hivi. Nimwambie nini?
Baba Nairobi

JIBU
Sijambo baba. Mwambie orodha iliandikwa na mtu, na mtu akiandika orodha kuna anaowasahau, hata we ukienda sokoni unasahau nyanya.

Alafu achana na orodha mpe mmoja. Mi ningempa Mekatilili wa Menza. Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi, Mekatilili maana yake mama Katilili, na mtoto akigundua kwamba shujaa anaitwa kwa jina la mwanawe kama mamake anavyoitwa nyumbani tayari mmeshakuwa na maongezi. Mwaka 1913 Waingereza wanataka vijana wa Kigiriama wakawafanyie kazi na kodi juu, huyu mama ambaye si chifu wala nani anapita kijiji kwa kijiji anacheza ngoma ya kifudu, watu wanamfuata, wakishakuwa wengi anawaambia. Husimuliwa kwamba kwenye mkutano mmoja na afisa wa Kizungu alimletea kuku na vifaranga, akamwambia hebu chukua kifaranga kimoja, yule bwana alipoinama kuku akamparura. Akamwambia ndo itakavyokuwa ukigusa watoto wetu. Usieleze mafunzo ya hadithi hii, mtoto yeyote aliyewahi kufukuzwa na kuku anaijua.

Wakamkamata wakampeleka Kisii, yaani ng'ambo ya pili ya nchi kabisa, na mwaka 1914 akatoroka yeye na mwenzake Wanje wakarudi pwani kwa miguu. Chukueni ramani, mwekee kidole Kisii na kidole Malindi, muulize angepita wapi, angelala wapi, simba je. Hapo una Jumamosi nzima.

Mchezo mwingine wa bei rahisi, mtafutie sarafu ya zamani yenye kichwa cha rais na hizi mpya zenye twiga, kifaru, simba na ndovu aziweke pamoja. Muulize nyuso zimekwenda wapi. Katiba yenu ya 2010 ndo iliyokataza pesa isiwe na picha ya mtu, na katiba hiyohiyo ndo iliyoibadilisha Kenyatta Dei ya tarehe 20 Oktoba ikawa Mashujaa Dei. Yaani nchi ilikaa ikasema mashujaa sio mmoja. Kwa hiyo swali la kijana wako kuhusu orodha ni swali la kikatiba, mnunulie soda.

SWALI
Assalaam aleikum mwalimu. Sisi tuko Muskat, babu yetu alizaliwa Unguja akaja huku baada ya 1964, nyumbani tunasema Kiswahili mpaka leo. Likizo tulikuja Zanzibar, tukapita Mkunazini pale kanisani, binti yangu wa miaka minane akaona zile sanamu za watu wenye minyororo shimoni akauliza nani kawafunga. Mume wangu akageuza maneno tukaenda kula urojo. Usiku akaniuliza tena, mama, waliowafunga ni watu wetu? Sikulala.
Ummu Salma

JIBU
Waaleikum salaam bibie. Barua yako nimekaa nayo siku tatu.

Urojo haukusaidia kama ulivyoona. Mtoto ukimkwepa anajifunza kitu kimoja tu, kwamba hapo pana aibu, na atakwenda kutafuta mwenyewe kwenye simu na huko atakayokutana nayo hayana huruma kwake wala kwa wale waliofungwa.

Anzia jikoni kama kawaida yangu. Chukua karafuu kwenye kikopo cha pilau umpe ainuse. Mwambie zamani Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja kutoka huko mliko, na karafuu zikalimwa mashamba makubwa Unguja na Pemba, na shamba kubwa lataka mikono mingi, na watu wakatafuta mikono kwa njia mbaya kabisa, wakawateka watu bara huko hadi Nyasa na Manyema, wakatembezwa mpaka pwani, wakauzwa. Pale kanisa liliposimama ndo palikuwa soko, likafungwa 1873 wakati wa Sayyid Barghash. Nakuomba usiseme tu watumwa kana kwamba ni kabila fulani lililozaliwa hivo. Sema watu waliotekwa. Sema walikuwa na majina, wana mama zao. Mtoto wa miaka minane anashika hapohapo, kwamba yule mama alimngoja mwanawe hakurudi.

Sasa swali lenyewe, ni watu wetu? Jibu la kweli ni kwamba wenye mashamba na wenye misafara wengi walikuwa Waarabu wa Oman na Waswahili, kwa hiyo ndio, miongoni mwao walikuwemo watu wa kwetu, na kama familia yenu ilikuwemo waulize wazee wenu mana mi siijui. Walikuwepo na wengine, machifu wa bara waliouza, Wafaransa waliokuja kununua Kilwa kwa ajili ya visiwa vyao vya miwa, Wahindi waliokopesha pesa za misafara. Lakini haya mwambie baadaye, siku nyingine kabisa, ukiyasema pumzi moja na lile la kwanza atasikia mama anatafuta pa kujificha. Na utumwa haukwisha siku soko lilipofungwa, Unguja na Pemba sheria ilikuja 1897, na huko kwenu Oman ni 1970, yaani bibi yake alikuwepo.

Na ya babu yake je, aliyekimbia baada ya mapinduzi na roho yake? Hayo nayo atayasikia, tena labda ameshayasikia maana wazee huongea watoto wakijifanya wamelala. Msimulie pia, kwa siku yake. Kitu ninachokikataa ni kuyatumia ya 1964 kuyafuta ya Mkunazini au ya Mkunazini kuyahalalisha ya 1964, nimewasikia watu wazima wenye ndevu wakifanya hivo barazani na ni mambo ya kitoto kuliko huyo wa miaka minane. Mwambie babu alilia, na watu wale walilia. Akikuuliza nani alilia zaidi mwambie hujui, na ulale bibie.

SWALI
Mwalimu, mwanangu wa darasa la tatu kauliza, kwani Kinjekitile alikuwa mwongo? Maji hayakuzuia risasi.
Mama Songea

JIBU
Usimjibu haraka. Muulize kwanza, watu wamelazimishwa kulima pamba ya mtu mwingine, wanachapwa, kila kabila liko peke yake linaogopa, wewe ungewaambiaje wasiogope? Maji ya Ngarambe, ile dawa aliyoigawa Kinjekitile akisema itazuia risasi za Wajerumani, yaliwafanya Wamatumbi na Wangindo na Wapogoro na hata Wangoni wenu, watu ambao wengine walikuwa hawapikiki chungu kimoja, wasimame pamoja mwaka 1905 kwenye vita ya Maji Maji. Kwa risasi hayakufanya kazi. Kwa hilo yalifanya. Kinjekitile mwenyewe alinyongwa Agosti mwaka huohuo, vita ikaendelea bila yeye hadi 1907, na kilichoua watu zaidi ni njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Kama baada ya hapo bado mtoto anasema alikuwa mwongo, mwache na msimamo wake, nimewahi kuwa na darasa lililogawanyika nusu kwa nusu juu ya hili na kengele ikalia hatujamaliza.

SWALI
Wangu hataki shujaa yeyote. Ana miaka mitano anataka dinosaria tu asubuhi mpaka jioni. Nifanyeje?
Baba Mtwara

JIBU
Hongera, una bahati na hujui! We uko Mtwara, hapo jirani yako Lindi kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya dinosaria tani zaidi ya mia mbili, na waliochimba ni mamia ya watu wa hukohuko, miaka miwili tu tangu Maji Maji iishe, na waliobeba ni haohao, kichwani na begani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mmoja amesimamishwa Berlin kwenye jumba la makumbusho, urefu kwenda juu zaidi ya mita 13, kama ghorofa nne hivi. Mpimie mwanao kwa minazi.

Na shujaa wake ndo huyu hapa, Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, jicho lake la mifupa lilikuwa halina mfano. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii, hilo bohetii ni yeye. Mfundishe alitamke, wa miaka mitano hawashindwi na majina ya dinosaria tunashindwa sisi. Alafu mwekee kuni begani kipande kidogo atembee nacho uani mara kumi awe mpagazi wa mfupa. Akishachoka atakuuliza, na mi nakuhakikishia atauliza, kwa nini tulibeba mpaka kwenye meli, na lini unarudi. Mwambie hilo limeshaulizwa hadi bungeni Dodoma, na bado uko Berlin.